Dawa za Mzee na Laini ya Ng'ambo

Katikati ya ziwa, nilipofungua mkoba kutafuta hati ya kusafiria, mkono wangu ulikuta dawa za mzee.

Zilikuwa ndani ya kitambaa chekundu, nimezifunga fundo kama siku zote. Nikazirudisha. Nikazitoa tena. Dawa za presha za mume wangu ziko na mimi kwenye boti inayokwenda Kalemie, na yeye yuko Mpanda, peke yake, hana hata kidonge kimoja.

Niseme kwanza kwa nini nazitunza mimi. Mume wangu ni mtu wa kupona. Akimeza dawa siku tatu, kichwa kikatulia, anatangaza kwamba amepona. Mara ya mwisho alipotangaza hivyo alianguka kwenye jaruba la mpunga, mdomo ukaenda upande. Daktari akaniambia mbele yake, "Bibi, huyu akiacha tena, safari ijayo hutamwinua." Tangu hapo nikamnyang'anya. Asubuhi baada ya uji ananyoosha kiganja, namwekea. Jioni hivyo hivyo. Hajui hata zinaitwaje, anajua rangi tu.

Halafu ukaja msiba. Dada yangu, aliyeolewa ng'ambo tangu tukiwa wasichana, alifariki, na mwanawe akanipigia kwamba kuna boti ya mizigo inavuka kutoka Karema. Nikahangaikia hati, nikakunja kanga, nikamwachia mzee unga na maharage na maagizo ya kila kitu. Maagizo ya kuku. Maagizo ya mlango wa uani. Ya dawa, hapana.

Kwa hiyo jana jioni hakumeza, na leo asubuhi hakumeza. Na jana hiyo hiyo nilimpigia kutoka Karema! Akasema amekula, yuko salama, nisiwe na wasiwasi. Juu ya dawa hakutamka neno. Alifurahi. Namjua.

Nikamwendea nahodha. "Geuza boti."

"Mama, hii siyo bodaboda."

Abiria wakacheka. Mmoja aliyekalia magunia ya mchele akasema labda nimesahau sufuria jikoni. Nilitoa simu, vijiti vya mtandao vilikwisha kupotea. Nikaizima, nikaiwasha, nikasimama, nikakaa. Mwanamke aliyekuwa karibu nami akaniambia nitulie, maiti haiwezi kuondoka bila mimi. Nikamwambia siwazi maiti, nawaza aliye hai.

Binti yangu alikuwa amenionya. Ana genge la nyanya kule Sitalike, na mambo ya simu anayajua. Nilipokuwa nafungasha alinipigia. "Mama, hiyo simu yako ni ya ofa, imefungwa kwenye mtandao mmoja. Ukifika huko haitakubali laini ya kwao. Ipeleke sokoni, fundi aifungue."

"Simu yangu haichokonolewi na mtu."

"Basi omba laini yako iwashiwe huduma ya nje."

"Nakwenda kuzika. Siendi kupiga soga."

Akaniaga. Nilidhani nimemshinda.

Tulifika Kalemie jioni. Mtoto wa dada yangu, mtu mzima mwenye mvi, alinipokea bandarini. Hata pole sikumpa vizuri. Nilisema, "Nipe simu." Alikuwa na simu ndogo ya kubonyeza. Nikazisoma namba za mzee kwenye simu yangu, yeye akabonyeza.

Ikaita. Ikakatwa.

Tukapiga tena. Ikakatwa. Mara ya tatu ilikuwa imezimwa kabisa.

Nikajua kwa nini. Ni sheria yangu. Jirani yetu mmoja alipigiwa na mtu akilia, akijifanya mwanawe aliyebadilisha laini, akatuma pesa yote ya mavuno. Siku niliyosikia habari hiyo niliwakusanya watu wa nyumba yangu, wakubwa na wadogo. Nikawaambia: namba msiyoijua, nyie kateni. Akisema amebadili laini, kateni. Akisema ni mimi, kateni haraka zaidi. Mzee hanisikii kwa mambo mengi, lakini hilo alilishika.

Nikampigia binti. Yeye alipokea. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi, kama mtu anayeongea ndani ya pipa.

"Mwanangu, ni mimi mama yako, natumia laini nyingine, sikiliza..."

"We tapeli huna haya? Mama yangu yuko msibani nawe unatumia jina lake! Unapiga na namba ya nje kabisa! Ulaaniwe!"

Akakata. Nilipopiga tena haikuita hata kidogo. Alikuwa ameifungia namba ile.

Mtoto wa dada yangu alikuwa akinitazama. "Mama mudogo, watoto wako banakuogopa sana."

"Wananitii," nikasema.

Usiku ule nilikaa na waombolezaji. Wanawake waliimba, mimi nikahesabu vidonge vilivyokosekana. Walinishika mabega, wakaniambia nilie, nisijizuie. Dada yangu alikuwa amelala pale, yule aliyenifundisha kusuka mkeka, na mimi nilikuwa namwona mzee amekaa uani kwetu, kiganja kimenyooka, hakuna wa kumwekea. Hata leo najilaumu. Nilikwenda kumuaga dada, na sikuwepo.

Asubuhi mke wa mtoto wa dada yangu alinieleza jambo. Alisema zile meseji za intaneti ambazo wajukuu wangu waliniwekea kwenye simu hazijali laini gani iko ndani. Nikitia laini ya kule, meseji itakwenda na jina langu lile lile na picha yangu ile ile ya kitambaa cha bluu. Binti ataona ni mimi. Nikamwambia twende sasa hivi tununue laini.

Tukanunua, wakaiandikisha kwa hati yangu. Tukaitia. Simu ikaandika maneno ya kizungu, ikagoma. Yule mwanamke akatikisa kichwa. "Mama, iko bloké. Inajua kampuni yenu tu."

Maneno ya binti yangu hayo hayo, nimevuka ziwa zima kuyasikia tena.

Tulizika saa nne. Nilitupa udongo wangu, nikasimama mpaka mwisho, kisha nikaondoka makaburini na vumbi miguuni moja kwa moja kwa fundi. Alikuwa kijana wa makamo, mwenye meza ndogo chini ya mwavuli, simu zilizobanduliwa zimejaa mbele yake. Akaigeuza yangu huku na huku.

"Kuja kesho."

"Simu yangu hailali kwa mtu."

"Basi ukae hapo, mama."

Nikakaa juu ya dumu la plastiki. Kila alipoinuka kumhudumia mtu mwingine nilimwita. Kila alipopokea simu yake nilimtazama mpaka akakata. Mara ya nne akaniuliza kama nilikuwa mwalimu. Nikamwambia sikumaliza hata darasa la tatu, lakini mume wangu anaweza kuanguka wakati yeye anacheka na simu. Akaacha kucheka. Akaiunganisha simu na tarakilishi yake ndogo, akaandika, akangoja, akaandika tena. Mimi nilikuwa nasimama na kukaa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa mwavuli hadi upande wa pili.

Mwishowe akanikabidhi. Vijiti vikatokea, vitatu, na jina la mtandao nisioujua.

"Lakini mama," akasema akifuta mikono, "mungeweza kuazima tu intaneti ya simu ya mutu mwingine. Bila kufungua."

Nusura nimpige na dumu lake.

Kuandika kwangu ni kwa polepole, kwa hiyo nilibonyeza pale pa sauti kama wajukuu walivyonionyesha, nikamtumia binti maneno haya: "Wewe unayemwita mama yako tapeli. Dawa za baba yako ninazo mimi, kwenye mkoba, huku Kalemie. Leo ni siku ya tatu hajameza. Acha nyanya zako, panda gari, nenda Mpanda. Ukimkuta anasema amepona, usimsikilize. Mpeleke hospitali na lile daftari lake la kliniki lililo chini ya godoro. Na simu yangu nimeifungua, usinisimange."

Nikakaa tena kwenye dumu. Alama za kuonyesha kwamba amesikia zilichelewa. Kisha ikaja sauti yake, anahema, nyuma yake honi ya gari. "Mama nisamehe. Niko njiani."

Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule. Nilirudi msibani, nikatoka, nikarudi. Niliosha vyombo visivyokuwa vyangu. Jioni ilipoingia, simu ikalia, picha ya binti yangu ikatokea, na nyuma yake ukuta mweupe wa hospitali.

Binti alimkuta baba yake amekaa kizingitini tangu asubuhi. Kuku walikuwa hawajafunguliwa. Alikuwa anaona vitu viwili viwili na kichwa kinagonga, lakini alimwambia ni jua tu. Presha yake ilipopimwa nesi alikimbia kumwita daktari. Wakampa dawa, wakamlaza. Daktari akasema angekaa hivyo siku moja nyingine tungekuwa tunaongea mengine.

Akageuza simu. Mzee alikuwa amelalia upande wake wa kulia, kama nyumbani.

"Nilikukatia," akasema.

"Najua."

"Ulisema hata akisema ni wewe, tukate."

"Nilisema."

"Sasa unanigombeza nini?"

"Sijakugombeza bado."

Akafumba macho. Nilibaki nikiangalia kifua chake mpaka bando likaisha.

Nilirudi baada ya siku tano. Nilimkuta uani, mdomo wake uko mahali pake, uji umeshaliwa. Nikafungua mkoba, nikatoa kitambaa chekundu, nikafungua fundo. Sikungoja anyooshe kiganja.

Alizichukua dawa zote, akaniachia kitambaa. Akazitia kwenye mfuko wa shati lake, akafunga kifungo.

"Zitakaa kwangu," akasema. "Wewe unasafiri."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa na sababu. Nikaenda kuwatazama kuku.

Sasa asubuhi baada ya uji nasikia zile karatasi za dawa zikilia mfukoni mwake. Siku nyingine nazisikia mapema, siku nyingine zinachelewa, na ninakuwa nimeshika ufagio, sifagii, nasikiliza. Simuulizi. Zikilia, naendelea kufagia.

Simu yangu imebaki imefunguliwa. Ile laini ya Kalemie nimeihifadhi kwenye kile kitambaa chekundu, na namba yake nimewaandikisha wote, mzee wa kwanza.