Kii ya Mama Ghati

Siku ile ya studio naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na babu yako akisikia atanuna. Nilikuwa msichana wa kwaya kule kwetu Kerende, sauti ya kwanza, na koo langu lilipanda mpaka watu wanageuka kanisani kuangalia ni nani huyo. Nakuambia leo kwa sababu nasikia keshokutwa kwaya yenu inakwenda kurekodi Mugumu, na nasikia mnakwenda na wimbo gani.

Wimbo huo una mwenyewe. Marwa, mtoto wa mwisho wa Mama Ghati, aliangukiwa na kifusi shimoni akichimba dhahabu. Vijana walimtoa amekwisha kufa, wakamlaza kwenye machela ya miti, wakapanda naye mlima hadi nyumbani kwa mama yake. Sisi wanakwaya tulikuwa nyuma. Mama Ghati mwenyewe ndiye aliyeanza kuimba, chini kabisa, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka ikakwisha. Tukamfuata pale pale alipoanzia. Njia ilikuwa ya mawe, wabebaji wakienda taratibu, na kila walipokanyaga nasi tulikanyaga. Basi kii, kile kimo cha sauti, ikawa ile, mwendo ukawa ule, na hakuna mwalimu aliyeupanga. Hata tulipouimba kanisani baadaye tulikanyaga vile vile, na Mama Ghati ndiye aliyetangulia.

Ndipo tukaenda kurekodi kaseti Tarime mjini. Kilikuwa chumba kidogo, trei za mayai zimebandikwa ukutani kuzuia mwangwi, joto la kukausha mate. Fundi mitambo, kijana mtanashati, alisikiliza ubeti mmoja akakunja uso.

"Mwalimu, huu wimbo umepoa," akamwambia mwalimu wetu wa kwaya. "Utalaza watu. Pandisha kii, ongeza spidi, niwawekee ngoma, utapigwa hadi harusini. Na vueni viatu, miguu inaharibu."

Tukavua. Halafu akaninyooshea kidole. "Aongoze huyu. Yule mama akae nyuma."

Mwalimu nilimheshimu sana, lakini mbele ya mashine zile alinywea. Mama Ghati akarudi nyuma bila kusukumwa. Akaniambia kwa upole, "Imba, mwanangu. Mimi kule juu sifiki."

Hapo nikapandwa na hasira. Nafasi yenyewe niliitamani, sikufichi, msichana gani asingeitamani? Lakini ule ulikuwa wimbo wa mwanawe, na yeye ndiye anasogezwa ukutani!

"Kama yeye hafiki, na mimi siendi," nikasema.

Fundi akacheka. "Dada, unajua wangapi wanaitaka nafasi hii?"

"Wape."

Nikaanza kuvaa viatu. Mwalimu akanivuta kando, akaniambia nitaiaibisha kwaya nzima. Nikamjibu nikimwangalia usoni, na siku zile msichana hakumwangalia mwalimu hivyo: "Mwalimu, Marwa tulimpeleka nyumbani mbio?"

Mwalimu akainama, akavaa viatu vyake. Wengine nao wakavaa, mmoja mmoja, mpaka chumba kizima kikawa kinafunga kamba.

"Mtajuta," fundi akasema. "Hakuna atakayesikiliza."

Mama Ghati akatoka ukutani, akasimama mbele ya maiki. "Mura, kijana wangu," akamwambia, "washa mashine yako."

Akawasha.

Harusini kaseti yetu haikupigwa, hapo fundi alisema kweli. Ilipigwa misibani, Kerende na Kemambo, na nilipoolewa huku Morotonga niliikuta imenitangulia. Siku ukiisikiliza tega sikio mwanzoni. Kabla ya sauti kuna viatu. Ni sisi tunapanda mlima.

Sasa naambiwa fundi wenu naye anataka wimbo uchangamke, kii ipande, na wewe uongoze kwa kuwa una koo. Koo hilo umelitoa kwangu, kwa hiyo usinikasirikie nikilisemea. Jana uliniambia, "Lakini bibi, Mama Ghati alishafariki." Ndiyo, mwanangu, na ndiyo sababu sinyamazi. Hayupo tena wa kusimama mbele aseme washa mashine yako.

Mimi sichukii ngoma. Nyimbo za furaha zikimbizeni, rukeni, hata mimi mtaniona nacheza na mgongo huu. Ila huu uimbeni chini na taratibu, na fundi akiuliza kwa nini, mwambieni ulibeba mtu. Yeye anajua mashine, msiba wenu haujui. Usikubali akutajie huzuni yenu iwe na spidi gani. Na popote maishani utakapopewa nafasi ya juu kwa kumrudisha mwenzako ukutani, ikatae, hata kama mwenzako mwenyewe amekuambia uichukue. Wakikufukuza, njoo nyumbani. Ugali wa mtama upo, na sitakuuliza kwaya ilisemaje.

Nenda na viatu vyako, mwanangu. Mungu akulindie koo hilo lisikauke, akupe ujasiri wa kusema hapana mbele za watu, akurudishe salama. Na siku mtakaponibeba mimi, msikimbie.