Sura ya Babu Niliyerithi Jina Lake

Mama huniita Baba. Nimebeba jina la baba yake, na kwetu mtoto akirithi jina la mzee huitwa kama mzee mwenyewe, hata akiwa hajaota meno. Babu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya shaba, akafa Mama akiwa bado mdogo. Picha yake pekee ililiwa na mvua, bati letu lilipotoboka. Kwa hiyo Mama aliposikia kanisani kwamba kuna mchoraji anayeonyesha picha za zamani za wafanyakazi kule makumbusho, alinipigia simu nirudi Lubumbashi. Nilikuwa Kasomeno, nikifuata lori la samaki. Nilifika nimechoka, na mkoba wangu sikuufungua.

Mchoraji alikuwa amezikuza picha za kampuni ya shaba, akawaondoa watu kwenye mashine na kuwachora upya mbele ya migodi ya leo, na nguo zao zilezile. Mama alipita polepole, amenishika mkono. Akasimama mbele ya mwanamume mmoja mwenye nyundo begani.

"Ni huyu," alisema. "Njo yeye."

Mimi sikuona kitu. Mchoraji alikuwa karibu, mtu wa makamo kama mimi, na Mama akamwomba nakala ya sura ile, aitundike nyumbani kando ya picha ya mama yake. Mchoraji akainamisha kichwa. Alieleza kwamba aliyepiga picha zile alikuwa akitafuta mashine tu; watu walitoka kama moshi. Sura alizitafuta mwenyewe kwa watu wa leo.

"Huyu, mama, anauzishaka makala ya kupikia ku avenue yetu. Unisamehe."

Mama alikaa kwenye benchi, akafungua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena. Nilimwambia twende nyumbani. Hakunisikia. Alikuwa akimuuliza mchoraji: kama wazima wanaweza kuwakopesha wafu sura, kwa nini asikope ya huyu mwanawe?

"Jina iko nayo. Damu iko nayo. Kama ni kukopa, ukope ku mulango wake."

Mchoraji alinitazama, akasema tuje kwake kesho asubuhi. Nilisema kesho lori linaondoka. Mama alinitazama kama anavyotazama bati linalovuja.

Asubuhi nilikaa uani kwa mchoraji, kwenye kiti cha plastiki, shingo ikiniuma. Mama alikaa nyuma yake.

"Usimuwekee ile macho ya kutembea-tembea," alimwambia. "Baba yangu alikuwaka muntu wa kubakia."

Simu ilitetemeka mfukoni. Ni dereva. Niliiacha. Kila mara Mama aliinuka, akatazama karatasi, akarudi kukaa, nami nikawa nangoja usoni pake habari za mtu nisiyemjua. Jua lilikuwa limefika miguuni mwangu alipoinuka tena, akasimama kando ya bega la mchoraji, na safari hii hakurudi kitini.

"Sasa umupatie nyundo yake," alisema.