Mikoba na Wenyewe

Bibi Zebunissa wa Malvern, mtaa wa Toronto, aliijua Kanada kutoka kwenye mabenchi yake. Maporomoko ya Niagara aliyasikia yakinguruma huku amezungukwa na makoti ya watu. Watoto walipopanda mnara ule mrefu wa Toronto, yeye alibaki chini na mikoba mapajani. Ilikuwa desturi isiyoulizwa: mtu anavua koti, anatua mkoba, anasema, "Mama, tuangalizie, tunarudi sasa hivi." Na hiyo sasa hivi iliweza kula mchana mzima.

Si kwamba alikuwa mgonjwa. Alikuwa na goti moja lenye kelele, basi. Lakini mwanawe Navroz, mhasibu katika mji wa jirani wa Pickering, mtu wa kuwasha gari hata kufuata maziwa dukani, aliliogopa goti lile kuliko mwenyewe.

Mwaka 2013 ikaja kadi ya harusi ya mpwa wa Zebunissa, huko Lisbon, Ureno. Kesho yake baada ya harusi, familia ingetembea mji wa kale kwa miguu mpaka ngome iliyo juu ya kilima. Mjukuu wake, Hira, alimwonyesha picha ya ngome hiyo kwenye simu. Zebunissa aliitazama mpaka simu ikazimika yenyewe. Halafu akamsikia Navroz jikoni akimwambia mkewe, Rashida, "Pale chini pana kivuli kizuri. Mama atakaa na mikoba."

Tangu wiki ile, kila asubuhi, alivaa raba akaenda kwenye jumba la maduka la Malvern, akawa analizunguka ndani kwa ndani kabla maduka hayajafunguliwa, maana nje kulikuwa barafu tupu. Jirani yake Mumtaz alifuatana naye mara mbili tu, akasalimu amri.

"Zebun, wewe unakwenda harusini au vitani?"

"Kote kuwili, dada."

Siku yenyewe Lisbon iliwaka jua, na mawe ya barabarani yaliteleza kama yamepakwa samli. Chini ya kilima, Navroz aliliona benchi, akalifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe.

"Mama, kaa hapa. Nitakupigia video yote, hutakosa kitu."

"Video nitaitazama Malvern. Huku nimekuja na miguu."

"Kilima kikali, Mama. Goti lako."

"Goti hili lilisimama dukani Tabora tangu asubuhi mpaka magharibi, na wewe ukiwa mgongoni. Halikukuuliza una kilo ngapi."

Rashida alicheka, akajifanya anakohoa. Lakini mkoba wake ulikwisha kutua benchini, na begi la Hira, na koti, na kamera. Mikono ilikuwa imezoea. Zebunissa akaokota kimoja kimoja. Mkoba akamtundika Rashida begani. Begi akampa Hira. Kamera akamvika Navroz shingoni kama shada la bwana harusi, na koti juu yake.

"Wareno walitoka huku huku wakafika mpaka pwani ya kwetu, Mombasa," alisema. "Hakuna aliyewaambia wakae benchi. Twende."

Vichochoro vilipanda, vikapinda, vikapanda tena. Goti lilianza kelele zake mapema. Katikati ya ngazi moja ndefu alishika ukuta, akainua uso kwenye nguo zilizoanikwa madirishani.

"Umechoka, Mama?"

"Natazama shuka. Hawajui kuzinyoosha wakianika."

Mbele kidogo palikuwa na mkahawa wenye viti nje. Navroz akamvutia kimoja. "Basi pumzika hapa kidogo, sisi tufike juu mara moja."

Kile kiti kilimwita. Alikuwa na jasho mpaka kwenye nyusi, na angekaa hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliijua hiyo kidogo. Alikwisha kuikalia miaka na miaka. Akakizunguka kiti, akapita.

Walipoingia ngomeni, shati la Navroz lilikuwa limemganda mgongoni. Alijitupa kwenye kijiukuta kifupi, kamera ikimning'inia tumboni.

"Ngojeni nipumue."

Zebunissa aliona ngazi za mawe zikipanda mpaka juu ya ukuta mkubwa, na watu wakitembea kule juu. Akavua kijimkoba chake chenye dawa ya goti na njugu, akakiweka mapajani mwa mwanawe.

"Niangalizie, baba. Narudi sasa hivi."

Akapanda polepole, kiganja kwenye jiwe, Hira nyuma yake. Juu kulikuwa na upepo. Mapaa mekundu yalishuka kwa msongamano mpaka mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mpana kuliko alivyoonyeshwa kwenye simu.

Chini, Navroz alipunga mkono, akaigonga saa yake kwa kidole. Zebunissa alimwona vizuri tu. Akageuka, akaanza kuuzunguka ukuta kwa upande wa pili.