Habari Niliyompa Dada kwa Mikono

Dada yangu alipoteza uwezo wa kusikia akiwa mdogo, baada ya homa ya uti wa mgongo. Mimi nilizaliwa nikamkuta hivyo, na lugha yake niliijua pamoja na Kifipa, kabla ya Kiswahili. Haikuwa lugha ya alama inayofundishwa shuleni. Tuliitunga wenyewe nyumbani, huku upande wa Kaengesa. Baba hakuielewa vizuri. Mama alijua ya jikoni na ya shambani tu.

Dada alipopata mimba, mimi nilikuwa kidato cha tatu. Kijana mwenyewe alitoka kwa wafugaji waliohamia kwetu na ng'ombe wao. Malisho yalipopungua walishuka bondeni, naye akaondoka nao. Dada akaanza kwenda kliniki peke yake.

Tulichelewa kujua yaliyokuwa yakimpata zahanati. Majina yaliitwa kwa sauti kutoka mlangoni. Yeye alikaa kwenye benchi akitazama midomo ya watu, wenzake wakiinuka, wakiingia, wakitoka, mpaka anabaki yeye na mtu wa kudeki. Siku moja tu alirudi akasema kwa mikono kwamba amehudumiwa.

"Niliwaonyesha kichwa kinauma," aliniambia. "Wamenipa vidonge."

Miguu ilikuwa imemvimba hata kandambili hazimwingii. Mama alisema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo.

Asubuhi moja ya baridi kali akaanguka jikoni, akakakamaa, akaanza kutetemeka. Jirani mwenye gari la kubebea mahindi akatukimbiza Sumbawanga mjini. Hospitali walimpokea haraka, wakahangaika naye, wakamwokoa. Mchana alipozinduka, daktari aliniita.

"Wewe ndiye unayeweza kuongea na huyu bubu?"

"Ni dada yangu, daktari. Ndiyo."

"Mwambie mtoto alifia tumboni. Pole sana."

Akasimama pale, akisubiri niseme.

Alama ya kufa tulikuwa nayo moja tu: kiganja kinachogeuzwa chini juu. Tuliitumia kwa kuku, tukaitumia kwa bibi. Mkono wangu ulikataa. Nikamwambia, "Mtoto amelala." Dada akatabasamu, akajivuta kwenye mto, akafungua mikono. "Mlete."

Ndipo nikageuza kiganja.

Alinidaka kifundo cha mkono akakibana kitandani kwa nguvu zake zote, nisiweze kusema neno lingine. Nilikaa hivyo, naye akitoa ile sauti yake ambayo mwenyewe haisikii, wodi nzima ikatugeukia.

Kesho yake akaja afisa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole. Aliketi karibu na kitanda, akaniuliza mimi: "Anaishi na nani? Anajisikiaje leo?"

"Mtazame yeye, mama, mimi nitatafsiri," nilimwambia.

Alimgeukia. Dada akasema kwa mikono, nami nikatafsiri: "Kule kwenye benchi, kwa nini hakuna hata mmoja aliyenigusa bega?"

Yule mama aliinamisha kichwa. Alisema atazungumza na watu wa zahanati. Huenda alizungumza, sijawahi kusikia.

Dada aliporudi nyumbani, baba alikuwa ameshamzika mtoto. Kwa majuma mengi, kila nilipoinua mikono yangu alifumba macho, na kiziwi akishafumba macho huna njia ya kumfikia. Aliongea na mama tu, kwa yale maneno yao machache: maji, kuni, chakula. Nilikuwa nikienda kulilia nyuma ya banda la mbuzi.

Tulipokuwa tukivuna ulezi, siku moja alinishika bega.

"Alifanana na nani?"

Sikuwa nimemwona mtoto. Waliomwosha na kumfunga kanga walikuwa mama na manesi. Nikamwuliza mama kwa Kifipa. Mama aliweka kisu chini, akanitazama kana kwamba ananiomba nimsaidie. Hakuwa na alama ya jambo kama hilo. Akamsogelea dada, akapitisha kidole kwenye paji la uso wake, akashuka puani, akazunguka kidevu, polepole. Kisha akarudia tena, kutoka juu.

Dada alibaki amesimama katikati ya ulezi, ameushika uso wake kwa mikono miwili.