Chaki ya Dirishani

Mpaka leo nikiona chaki roho inanichafuka. Wakati wa Zaïre nilikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Murara, na nje ya mlango wangu nilitundika ubao mweusi. Kila Jumapili jioni niliandika matokeo ya mpira, na mashabiki wakaandika maoni yao chini yake. Sheria ilikuwa moja: chaki unaipokea mkononi mwangu, na ukiandika unatia sahihi. Aliyetukana nilimfutia mbele ya watu. Vijembe vilikuwepo tele, lakini kila mtu alijua nani kasema nini.

Halafu nikazembea. Sikukuu zilikaribia, nguo zilinizidi, nikachoka kunyanyuka kwenye mashine kila saa. Nikaiacha chaki dirishani, kila mtu ajichukulie.

Jumapili moja timu yetu ya mtaa ilicheza na askari wa kambi ya Katindo. Dakika za mwisho tukasawazisha. Mshika bendera wa pembeni akainua bendera: hors-jeu, mfungaji ameotea. Goli likakataliwa, tukafungwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, kwenye mstari uleule, na niliona kwa macho yangu mawili kwamba mchezaji wetu aliwapita mabeki wote hatua nzima. Yule bwana alisema kweli. Alikuwa karani wa posta, mtu mpole kutoka upande wa Bukavu, na nguo zake nilimshonea mimi.

Jumatatu asubuhi nikakuta ubaoni: “Alikunywa bière ya askari,” yaani kahongwa pombe. Hakuna sahihi. Nilipaswa kufuta. Sikufuta, kwa sababu kila aliyesoma alicheka, na waliocheka walikuwa wateja wangu. Kufika adhuhuri ubao ulikuwa umejaa. Jumatano wakamgeukia mke wake, wakamwandika mambo ambayo siyarudii. Jumamosi tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na yule karani akafyeka majani peke yake. Hakuna aliyekubali kusimama karibu naye. Watu wazima, baba za watoto, waimbaji wa kanisani! Wanafiki wakubwa. Na mimi nilikuwa katikati yao, nimeinamisha kichwa, nafyeka.

Kutoka pale alikuja moja kwa moja kwangu. Wateja kadhaa walikuwa wamekaa barazani. Alisoma ubao wote, taratibu, kisha akachukua chaki dirishani na kuniwekea mkononi.

“Papa fundi, weye ulikuwa nyuma yangu. Andika tu ile uliona. Bibi yangu haendi tena ku soko, batoto bananiuliza kama niko mwizi. Ukiandika weye, batu batasadiki.”

Niliwatazama wateja. Wote walikuwa wananitazama mimi.

“Ngoja kwanza, muzee,” nikamwambia. “Niko na kazi mingi.”

Kazi mingi! Ningeweza kujipiga kofi. Aliichukua chaki mkononi mwangu, akairudisha dirishani, akaenda zake. Mwezi haukuisha, akaomba uhamisho.

Siku alipopanda meli ya Bukavu na familia yake, damu ilinichemka. Saa hiyo ndipo ushujaa ukanijia, mpumbavu mimi. Nikaosha ubao kwa maji, nikaandika kwa herufi kubwa: “Ilikuwa hors-jeu. Niliona.” Nikatia sahihi yangu.

Asubuhi yake palikuwa na mstari mmoja chini ya sahihi: “Na fundi alikunywa chupa ngapi?”

Mwandiko niliujua. Ulikuwa wa mmoja wa wale waliokaa barazani, na abacost yake, lile koti la Kizaïre linalovaliwa bila tai, ilikuwa mezani kwangu ikingoja vifungo. Niliapa kwamba akija nitamtupia usoni. Alikuja saa sita, akanisalimia kwa adabu: “Jambo, papa fundi.” Nikamwitikia. Nikamkunjia abacost yake vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili.