Fundi anayelala chini ya kiyoyozi alichokifunga

Saa tatu asubuhi, na joto limeshaingia ndani bila kubisha hodi. Mwanamke mwenye ovaroli ya bluu amesimama peku juu ya kitanda cha mtoto, sikio lake likikaribia kugusa ukuta. Anagonga kwa kifundo cha kidole. Anasogea kidogo, anagonga tena.

"Nyamazeni," anasema, ingawa hakuna anayeongea.

Mumewe ameshika ngazi kwa mikono miwili, japo hakuna aliyeipanda. Mlangoni, mama wa nyumba hii amemwekea binti yake kiganja shingoni. Anakihamishia kwenye paji la uso, halafu anakirudisha shingoni, kama mtu anayetafuta kitu ambacho anaomba asikipate.

Binti ana miaka sita. Amevaa fulana iliyoloweshwa, na maji yanamchuruzika hadi miguuni. Mtaani wanamwita Samaki. Jina hilo analipenda mwenyewe, na ukimwita kwa lingine haitiki.

Samaki hatoki jasho. Alizaliwa mwili wake ukiwa hauna uwezo huo, hivyo joto likimwingia halina pa kutokea. Mwezi uliopita alichelewa juani kidogo tu, akapata degedege mikononi mwa mama yake. Juzi kiyoyozi cha chumba chake kikafa. Tangu hapo analalia shuka zilizoloweshwa, feni ikimpulizia miguuni.

"Mimi silali," anasema mama yake. "Nikifumba macho namwona ameanza kutetemeka."

Ndiyo sababu ameitwa fundi huyu, anayejulikana kwa jina la Mama Upepo. Kazi yake ni kufunga viyoyozi majumbani, hasa ile mashine ya ndani inayoning'inia ukutani. Alianza kama mfagiaji kwenye karakana ya majokofu. Akafundishwa kuosha vichujio, kisha kuunganisha mabomba, na mwisho akanunua drili yake mwenyewe. Msimu wa joto hupata nyumba tatu au nne kwa wiki. Baridi ikija hupitisha hata mwezi mzima akishona mapazia.

Mumewe, dereva wa lori, humsaidia siku ambazo hasafiri. Anaogopa ngazi.

"Mume wangu anapanda milima na lori lenye tani ishirini," Mama Upepo anasema bila kugeuka, "lakini ngazi ya vipandio sita inamtoa machozi."

"Lori lina breki," mumewe anajibu.

Samaki anacheka. Mama yake hacheki.

Kabla ya kufunga kipya, cha zamani lazima kishuke. Mama Upepo anapanda, anakinyanyua, na mumewe anakipokea. Linabaki bamba la chuma lililokibeba miaka yote, limeshikwa na skrubu nne. Anatoa bisibisi mfukoni. Halafu anairudisha.

Skrubu ya kwanza anaichomoa kwa vidole. Ya pili nayo vilevile. Vumbi la plasta linamwagika juu ya mto wa Samaki.

Mama Upepo anautazama mto.

"Mto wake ulikuwa hapo?" fundi anauliza.

"Hapo hapo," mama anajibu. "Mwaka wa tatu sasa." Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mkono wake unatoka shingoni mwa mtoto.

Woga huu Mama Upepo anaufahamu. Miaka kadhaa iliyopita aliitwa na bibi mmoja amrudishie ukutani mashine iliyofungwa na fundi mwingine. Aliikuta imelala juu ya mto, na chini yake mto bado una alama ya kichwa. Bibi alikuwa amenyanyuka kwenda kufunga mlango tu.

"Ile alama ya kichwa nimeibeba mpaka leo," anasema. "Watu wananiambia, wewe ni mzoefu, unaogopa nini? Nawajibu, naogopa mto."

Ukuta wa juu ya kitanda unalia kama kibuyu. Anaukataa. Anahamia ukuta wa pili, wa upande wa dirisha, anaugonga kuanzia juu hadi chini. Huo unajibu kwa sauti nzito, fupi. Mama wa Samaki analalamika kwamba hapo mashine itaziba pazia.

"Pazia nitakushonea jingine, dada. Ukuta siwezi kukushonea."

Drili inaanza kulia. Mashimo manne ya kwanza yanakwenda vizuri. Unatoka unga mwekundu wa tofali, si ule mweupe wa plasta. Anafunga bamba jipya, anapima kwa pima maji kama limenyooka, halafu anafanya jambo linalomfanya mumewe ageuze uso. Analishika bamba kwa mikono miwili na kuinua miguu kutoka kwenye ngazi. Ananing'inia na uzito wake wote, anahesabu kimya, anashuka.

"Likinibeba mimi na wali niliokula jana, litaibeba mashine."

Baadaye anatoboa tundu kubwa la kupitishia mabomba, akiliinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ndani. Jua limeshapanda. Feni inazungusha hewa ya moto. Samaki, aliyekuwa akiuliza kila kitu jina lake, sasa anauliza moja moja.

Mama Upepo amechuchumaa sakafuni na bomba la shaba. Kazi hii haitaki haraka: unakata bomba, unalainisha ukingo wake, unaupanua mdomo wake uwe kama tarumbeta ndogo, kisha nati inaubana kwenye mashine. Mdomo huo ukiwa na mkwaruzo, gesi itatoroka kidogo kidogo.

"Shangazi," Samaki anamwita. "Ikizimika nikiwa nimelala, nitajua?"

Mikono ya fundi haisimami. Inaendelea kuzungusha kifaa mpaka mdomo wa bomba unakamilika, mzuri, unang'aa. Anauinua mdomo ule kwenye mwanga na kuutazama, kana kwamba jibu limo ndani yake.

"Bosi," mumewe anasema polepole. "Nati iko wapi?"

Nati iko sakafuni, karibu na goti lake. Nati huvalishwa kwanza, ndipo mdomo upanuliwe. Ukishapanuka haipiti tena. Ni kosa la wanagenzi, linalowachekesha mafundi wakikutana. Mama Upepo hacheki. Anaukata mdomo ule mzuri, anavalisha nati, anaanza upya. Bomba limefupika, ila huwa anaacha ziada iliyokunjwa nyuma ya mashine.

"Huwa naiacha kwa sababu najijua," anasema.

Mashine inapanda ukutani, inashika kwenye bamba kwa mlio mmoja. Nje, mashine kubwa imeshakaa kwenye vyuma vyake. Sasa ni kupima. Anajaza mabomba hewa ya mtungi, anafunga, na wote wanatazama geji. Mshale ukitulia, viungo ni vizima. Ukishuka, kuna mahali panapopumua.

Mshale unatulia. Mama wa Samaki anashusha pumzi.

Kisha unashuka. Si sana, upana wa unywele.

"Hiyo si kitu, dada fundi," anasema mama. "Si imeshuka kidogo tu?"

"Imeshuka."

"Washa, apoe kwanza. Utarudi kesho uirekebishe."

Samaki amenyamaza kabisa. Amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mashavu yamekuwa mekundu. Mama anamshika shingo, na safari hii hauondoi mkono. Anambeba mbio hadi bafuni, anamweka kwenye beseni, anamwagia maji kwa kikombe. Sauti yake inafika chumbani.

"Nimesema washa! Wewe una mtoto kweli?"

Mama Upepo ameshika brashi yenye povu la sabuni.

"Ninao wawili," anajibu, kwa sauti ya kawaida. "Ndiyo maana siwashi. Nikiiwasha hivi itapoza wiki mbili. Halafu usiku mmoja gesi itakuwa imeisha, itapuliza joto, na wewe utakuwa umelala kwa sababu hatimaye umeamini."

Bafuni kunasikika kikombe kikichota maji, kikimwaga, kikichota tena.

Anapaka povu kiungo cha kwanza. Kimya. Cha pili. Kimya. Cha tatu ni kile kilichokatwa kikaanzwa upya. Linatokea povu dogo, linavimba kama jicho, linapasuka. Linatokea jingine.

"Hapo," mumewe ananong'ona.

Nati ilibanwa kwa mkono wenye woga, haikufika mwisho. Anaifungua, anautazama mdomo wa bomba kwa tochi kuhakikisha haukuchubuka, anausafisha, anarudisha, anabana kwa spana mbili. Mumewe anakwenda mlangoni mwa bafu na kusema, "Anamaliza, shemeji, anamaliza," mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Anajaza hewa upya. Mshale sasa umetulia. Wanasubiri. Bado umetulia. Mama Upepo anatamani kuamini, lakini anasubiri zaidi, huku kikombe kikichota na kumwaga. Ndipo anatoa ile hewa ya mtungi, anaunganisha pampu inyonye kila kilichobaki ndani ya mabomba, na mwisho anaifungulia gesi.

Anamimina jagi la maji kwenye kibeseni cha mashine ya ndani. Mumewe yuko nje, chini ya dirisha, anatazama ncha ya mpira wa kutolea maji.

"Yanatoka!" anapaza sauti, kama aliyechimba kisima.

Mashine inawashwa. Kwanza inatoa harufu ya plastiki mpya, kisha upepo wa vuguvugu, na mama wa Samaki, aliyerudi na mtoto ndani ya taulo, anauma mdomo. Kisha upepo unabadilika. Unakuwa mwembamba. Unakuwa baridi. Mama Upepo anaingiza kipimajoto kidogo kwenye mdomo wa mashine na kukisoma mara mbili.

Hapo ndipo anavua ovaroli na kubaki na gauni alilovaa ndani yake. Kitanda kimesogezwa upande mpya, mto umekung'utwa vumbi. Anajilaza kichwa chini ya mashine aliyoifunga mwenyewe na kufumba macho. Hufanya hivyo kila nyumba, hata kwa wateja wanaomcheka. Anasikiliza kama kuna mlio wa skrubu, tone la maji, mtikisiko.

"Kama mimi siwezi kulala chini yake," anasema, "nitamlazaje mtoto wa mwenzangu?"

Samaki anapanda kitandani na kulala kando yake. Naye anafumba macho.

"Shangazi, hukunijibu."

"Najua." Anamgeukia. "Hutajua, Samaki. Ila sitaondoka kabla ya kufunga kengele ndogo chumbani kwa mama yako. Joto likipanda humu, italia kule."

"Na umeme ukikatika?" anauliza mama.

"Hilo sina spana yake, dada. Weka maji karibu."

Mashavu ya Samaki yanarudia rangi yake. Mama anamgusa shingo, anasita, anagusa tena. Kisha, kana kwamba anaogopa kulitaja, anasema kuna shule mtaa wa nyuma. Mwalimu mkuu amekubali kumpokea, na wamemtengea darasa dogo lililokuwa stoo. Kinachokosekana ni ubaridi.

Mama Upepo anafumbua macho. Nyumbani kwake kuna kiyoyozi alichopewa na mteja aliyehama. Anakifufua taratibu, kimebakiza mota ya feni tu, na msimu huu wa joto anapanga kuipata.

Alasiri, fundi na mumewe wakirudi nyumbani, lori dogo la kukodi linasimama mbele ya shule hiyo. Wanafunzi wameshaondoka. Mlinzi anawafungulia ile stoo ya zamani: madawati manane, ubao, dirisha moja. Mama Upepo anavua viatu, anapanda juu ya dawati, anasogeza sikio.

Anagonga. Anasogea. Anagonga.

Mumewe amesimama mlangoni amebana pumzi.

"Mzima?" anauliza hatimaye.

Anagonga mara nyingine, chini zaidi, pale ambapo kichwa cha mtoto aliyeketi kingefika.

"Mzima," anasema. "Mpigie mama yake. Mwambie amnunulie Samaki daftari, ila aliweke mbali na hiyo fulana yake."