Kuku wa Suruali

Kisanduku cha mbao bado kipo nyuma ya nyumba ya wazazi wangu huku Kiplombe, na nyasi zake zimeoza. Hakuna anayethubutu kukitupa. Baba alikitengeneza mwenyewe, akakipiga randa kana kwamba ni kitanda cha bibi harusi, kwa ajili ya kuku ambao hawakuwahi kutaga humo.

Alikuwa amestaafu ualimu, amewaachia ndugu zangu shamba letu la kule Ziwa, na sote tulidhani atatulia. Badala yake akaanza kufuga kuku. Kwetu mzee huulizwa habari za ng'ombe na mvua. Kuku ni wa mama, na hata mama hawashughulikii sana: huwatupia mahindi asubuhi, nao huenda zao hadi jioni. Baba akaja na katoni ya vifaranga wa Brahma, kuku wa kigeni, manyoya yamewashuka hadi kwenye vidole vya miguu. Mama aliwatazama, akamtazama yeye.

"Sasa Mzee, hizi zimevaa suruali zinaenda wapi?"

Jina la kuku wa suruali likashika. Ndugu zangu walicheka hadi wakachoka, lakini baba hakutetereka. Mezani, chai ikiwa mkononi, alitangaza: "Yai la kwanza ni la mama yenu. Mtu asiliguse." Alisema katika ndoa yao yote hajawahi kumwona mama akila yai zima. Mayai ya kuku wake yalikuwa yetu tukiwa wadogo, au yalienda sokoni yakarudi yakiwa sare za shule. Mama alisema hapendi mayai. Tulikua tukimwamini.

Basi tukangoja. Kuku wa jirani walioanguliwa wakati mmoja na wetu walianza kutaga, wakaendelea kutaga, mpaka ikawa si habari tena. Wale wa baba walinenepa tu. Watatu walikuwa majike na mmoja jogoo, wakitembea taratibu uani wakila bila aibu.

"Hizi ni tasa," mama akasema. "Tunalisha wageni."

"Hizi ni pure, Mama, mbegu safi. Hazina haraka." Na kila Jumamosi alibadilisha nyasi za kisanduku, ingawa zilikuwa safi kama alivyoziweka.

Kisha nyonga yake ikamshinda, akalazwa hospitali ya Plateau kufanyiwa upasuaji. Nami nikarudi nyumbani kukaa na mama. Akipiga simu, baba aliuliza kuku kwanza, sisi baadaye. "Bado?" Mama naye alijibu, "Bado, Mzee."

Kwa kuwa hakuwepo, mama ndiye aliyewalisha. Siku moja aliniita kwa sauti ya wasiwasi. Aliinama akamgusa mmoja mgongoni, na kuku yule, badala ya kukimbia, akachutama palepale, mabawa yamefunguka kidogo, mwili ukitetemeka. Nikamgusa wa pili, naye vilevile. Kuku wa kienyeji wa mama hawashikiki, ukinyoosha mkono wameshafika kwenye ua. Mama hakuwahi kuona kuku akimchutamia mtu.

"Miguu imelegea," alisema. "Ugonjwa umeingia."

"Si tungoje Mzee arudi?"

"Arudi akute mizoga?"

Na wamama wa kanisa walikuwa wametuma habari kwamba Alhamisi wangekuja kumwombea baba. Watu waliokuja kumwombea mume wako huwezi kuwapa chai kavu. Mama alifikiria usiku kucha, najua kwa sababu nilimsikia akigeuka kitandani. Asubuhi akanoa kisu. "Kuku za mwenyewe ndizo zimsaidie," alisema. Wala hakusema kwa mzaha. Alimwacha jogoo tu, kwa kuwa yeye alikuwa bado amesimama imara.

Nilinyonyoa manyoya, hata yale ya miguuni. Mama akampasua wa kwanza, kisha akaweka kisu chini. Nilipoangalia, ndani mlikuwa na viini vya manjano, vikubwa kwa vidogo, na mwisho wake yai kamili lenye ganda la hudhurungi, bado lina joto. Wa pili na wa tatu nao walikuwa na viini tele. Mama aliketi kwenye kigoda, mikono imejaa damu.

"Uui," alisema. "Nimemfanyia nini mzee wa watu."

Wageni waliomba vizuri, wakasifu mchuzi. Kila sifa ilinichoma. Mmoja wao, mama mwenye banda kubwa la kuku, aliposikia habari ya kuchutama alisema tu, akiendelea kula, "Hiyo si ugonjwa, Mama. Ikichutama hivyo inataka kutaga. Mngengoja kidogo."

Jioni simu ilipolia, baba aliuliza, "Bado?" Mama akanipa simu, nami nikasema mtandao ni mbaya.

Baba alirudi kwa magongo. Alisimama uani, akasikiliza, akamwona jogoo peke yake. Mama hakungoja aulizwe. Alimweleza yote akiwa amesimama mbele yake, bila kujitetea, kisha akaingia jikoni, akalichemsha lile yai alilolificha kabatini, akamletea kwenye kisahani.

Baba alikivuta kisahani kwake. Alilimenya polepole, akatoa kila kipande cha ganda, halafu akakisukuma kisahani upande wa pili wa meza.

"Nilisema la kwanza ni lako."

"Siwezi, Mzee."

"Kula, Mama."

Baba aligeuza uso akatazama nje, kule kilipo kisanduku. Mama akalila lote, machozi yakimdondoka hadi mdomoni, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba mama yangu anapenda mayai.